Binti Asiyeruka

Mwaka 2005, wanafunzi wa chuo cha DigiPen, huko Redmond, Marekani, walitoa mchezo wa kompyuta uitwao Narbacular Drop. Ulikuwa mradi wao wa masomo. Binti mfalme ametekwa, na kuruka hawezi hata kidogo. Kinachomwokoa ni milango miwili ya ajabu ukutani: anaingia huu, anatokea ule.

Katika michezo ya aina hii, kuruka ni kawaida kama hodi. Wao wakaacha kuruka, wakashughulika na mlango.

Anayeanza huwa hataki kuacha kitu. Mimi na wenzangu watatu, tulipotengeneza mchezo wetu wa somo, tulitaka magari, mvua, mji mzima. Wiki ya tatu tulikuwa na kijana mmoja tu aliyechorwa, na kila tulipouwasha mchezo alizama sakafuni, akaanguka gizani bila kukoma. Mchoraji alimlaumu mwandishi wa programu, naye akailaumu sakafu. Kumbe kweli! Sakafu ilikuwa picha tu. Hakuna aliyeiambia kompyuta kwamba haipenyeki. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kutufukuza. Usiku uleule tukafuta mji, tukafuta mvua. Kikabaki chumba kimoja, na kijana amesimama.

Wale wa Redmond waliajiriwa na kampuni ya Valve, na mwaka 2007 milango yao ikarudi katika mchezo uitwao Portal. Sisi tulifaulu somo, basi. Kijana wetu bado ninaye kwenye kompyuta. Kuruka hajajifunza.