Kete 22 Mkononi

 

 Mzee, mama, nijibu: umekaa kwenye hicho kiti tangu saa ngapi?

Tangu alfajiri. Mwanao kaenda kazini, mkwe kaenda kazini, wajukuu wako shule. Televisheni inajisemea yenyewe. Umeshika simu, unatazama picha za harusi ya Tanga ambazo jana ulizitazama mara tatu. Nje ni Barking, au Leyton, au Tottenham, na mvua ni ileile ya juzi. Ulistaafu vizuri, ukaagwa kwa heshima, ukafunga virago uje London kuishi karibu na damu yako. Damu yako inatoka saa moja asubuhi, inarudi saa moja usiku imechoka.

Na kule barazani nafasi yako imeshakaliwa na mwingine.

Najua kinachokuuma. Sembe inapatikana, mchele wa pilau upo, hata mchicha ukiutafuta utauona. Unachokosa ni kishindo cha dhumna likigongwa mezani. Unakosa wale watu watano waliosimama nyuma yako, mmoja kajishika kichwa kwa sababu ameona shimo ambalo wewe hujaliona. Unakosa kutaniwa. Unakosa mtu wa kukuangalia usoni akakwambia, "Leo nakufunga, na jirani zako watasikia."

Basi mbona umekaa?

Nani amekukataza kuinuka?

Wewe ni mtu wa bao, tuzungumze kwa bao. Katika bao la kiswahili kila mchezaji ana kete 32. Zinazopangwa ubaoni mwanzoni ni ngapi? Sita kwenye nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya ubavuni mwake. Kete 10 tu. Nyingine 22 ziko wapi?

Mkononi mwako.

Mchezo unaanza huku zaidi ya theluthi mbili ya mali yako haijagusa ubao! Umefanya kazi miaka 40. Umesomesha, umejenga, umezika na umeozesha. Hizo ndizo zile kete 10. Ndiyo kwanza zimepangwa. Wewe unazitazama unadhani mchezo umekwisha, kumbe hata kunamua hujaanza.

Na kunamua kuna sharti lake, unalijua kuliko mimi. Kila zamu, kete moja inaingia ubaoni. Kila zamu. Huwezi kumwambia mwenzako, "Leo sijisikii, cheza wewe mara mbili." Huwezi kuzikumbatia kifuani ukasema unazitunza. Kete iliyo mkononi haili, haitakati, haisafiri. Ni komwe tu.

Wewe umekumbatia ngapi?

Mwalimu Nyerere alikuwa mcheza bao. Aling'atuka urais mwaka 1985 akarudi Butiama, akashika jembe, akakaa kwenye bao lake. Je, alikaa akingoja jua lizame? Mwaka 1996, akiwa na miaka zaidi ya 70, aliingia kusimamia mazungumzo ya amani ya Burundi, na alikuwa bado kwenye kazi hiyo maradhi yalipomzidi. Kete baada ya kete, mpaka mkono ukabaki mtupu. Alifariki hapahapa London, tarehe 14 Oktoba 1999, katika hospitali ya St Thomas', kando ya mto Thames, ng'ambo ya jengo la Bunge.

Kutoka hospitali hiyo hadi kituo cha Waterloo ni mwendo mfupi wa miguu. Kituo hicho kikumbuke, maana ndipo ninapokupeleka.

Chini ya reli za Waterloo kuna njia ya handaki, Leake Street, kuta zake zote zimejaa michoro ya rangi. Humo kuna mkahawa unaoitwa Draughts. Jina lake ni drafti! Ile ile ya vizibo vya soda uliyocheza chini ya mwembe. Waliufungua kwanza Haggerston mwaka 2014, ndani ya tao la reli, kisha wakaja Waterloo. Unalipa ada ya kukaa, unaagiza chai yako, na rafu za michezo ni zako, mamia kwa mamia. Watu wazima na akili zao wamekaa mezani wanapanga vibao, wanabishana, wanacheka. Hapo jirani, Royal Festival Hall, mwaka 1997 yalianza mashindano ya michezo ya akili yanayoitwa Mind Sports Olympiad, na kati ya michezo inayoshindaniwa humo ni oware ya Ghana. Oware ni binamu wa bao! Wewe umelelewa na ndugu mkubwa, mwenye safu nne na nyumba na mtaji, halafu unaogopa kwenda kumsalimia binamu?

Usiniambie Kiingereza chako kibovu.

Bao lilikuuliza lini lugha? Fundi wa bao hasemi. Anahesabu, anatia, anakula, anakuangalia. Dhumna lina vipande 28 na namba zake ni nukta. Nukta zinasomeka Kizaramo, Kijaluo, na Kiingereza. Tena nikwambie jambo: hakuna darasa la Kiingereza linaloshinda meza ya mchezo. Utajifunza kusema "zamu yako", utajifunza kusema "umeniibia", utajifunza kucheka kwa lugha yao, na kesho utamjibu daktari bila kumsubiri mwanao aombe ruhusa kazini.

Usiniambie baridi. Ndiyo, Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni. Basi toka saa tano asubuhi! Ukifikia umri wa pensheni ya serikali na ni mkazi wa London, kuna kadi ya Freedom Pass inayokupandisha basi bure. Wengine wanalipia kila safari, wewe umeiweka kadi kwenye pochi kama cheti cha ubatizo. Itoe.

Usiniambie michezo yao ni ya kitoto. Umeijaribu? Kuna mmoja unaitwa Catan, aliutunga Mjerumani Klaus Teuber, ukatoka mwaka 1995. Unajenga barabara na makazi, na ili ujenge lazima ubadilishane na wenzako: nipe matofali nikupe ngano, nipe kondoo nikupe mbao. Wewe uliyekuwa unapatana bei Kariakoo, wewe mama uliyeuza vitenge Gikomba ukamtoa mteja machozi na bado akakushukuru, unaogopa kupatana kondoo wa karatasi na kijana wa miaka 25? Watakukimbia! Mwezi mmoja tu, watakuwa wananong'ona ukiingia.

Usiniambie vikundi vingi vinakutana baa na wewe baa huendi. Hili nalichukua kwa uzito, kwa sababu ni kweli vingi vinakutana huko, na dini ya mtu haibembelezwi. Lakini nani kasema baa ndiyo mlango pekee? Kuna maktaba. Kuna kumbi za mitaa, kumbi za makanisa, vituo vya wazee. Kuna u3a, jumuiya ya watu walioacha kazi, iliyoanza Uingereza mwaka 1982. Vikundi vyake vinacheza bridge, vinacheza sataranji, vinacheza kila kinachowekwa mezani, na hawakuombi cheti wala historia. Uliza maktaba ya mtaa wako. Kuuliza ni bure, na yule dada wa kaunta kazi yake ni kujibu.

Halafu nenda Brixton, au Peckham, utafute wazee wa Kijamaika kwenye dhumna lao. Meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury mwaka 1948, na Wakaribi waliokuja enzi zile walikuta nyumba zinawafungia milango na madirisha yana matangazo ya kuwakataa. Walifanya nini? Walilia wakangoja waalikwe? Waliweka meza. Wakagonga dhumna mpaka ukuta ukatikisika. Miaka imepita, wajukuu wao wamezaliwa hapa, na meza bado zipo. Simama pembeni, tazama mkono mmoja, mkono wa pili. Wanavyopiga kipande mezani ni vile vile wanavyopiga Jaws Corner, pale Mji Mkongwe. Utamjua mwenzako kwa kiganja kabla hujajua jina lake.

Wewe unangoja nani akuwekee meza?

Nchi hii yenyewe imekiri. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke. Waziri mzima! Maana yake yule mzee Mwingereza wa ghorofa ya chini, unayemwona akichungulia pazia, anaumwa ugonjwa ule ule unaokuuma wewe. Yeye ana saa nyingi na hana mchezo. Wewe una mchezo na huna mwenza.

Ngazi zinazowatenganisha ni ngapi?

Kumi na nne? Shuka!

Huna bao? Usinichekeshe. Watoto wa kijijini huchimba mashimo ardhini wakacheza mpaka mama zao wawaite mara tatu. Chukua boksi lililokuja na sufuria ya mwanao, lipasue, chora miduara 32, safu nne za nane nane. Hesabu maharage 64. Tayari. Na mgeni usimwanzie na nyumba na takata, utamkimbiza. Mwanzie bao la kujifunza. Kete mbili mbili kila shimo, zote 64 ziko ubaoni, hakuna cha mkononi. Akishaonja utamu wa kula, atakuomba mwenyewe umfundishe lile kubwa.

Na kama unadhani ujuzi wako ni mambo ya kupotezea muda, sikia. Miaka ya tisini msomi wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alikwenda Zanzibar akakaa na mafundi wa bao, akawatazama wanavyohesabu mbali bila kugusa kete, akaandika tasnifu ya udaktari kuhusu mipaka ya akili ya binadamu. Chuo Kikuu cha Leiden, 1995. Kile ulichokuwa ukikifanya baada ya sala ya alasiri, huku kikombe cha kahawa chungu kiko gotini, kilimpa mtu shahada ya juu kuliko zote. Wewe unakificha sebuleni!

Mpeleke mjukuu wako British Museum. Kuingia ni bure. Kuna mchezo pale uliofukuliwa Ur, nchi ya Iraki ya leo, una miaka kama 4,600. Ubao mzuri ajabu, umepambwa kwa kombe na vito vya buluu. Waliouchezea walikufa, na ujuzi wao ukafa nao. Sheria zake zingepotea kabisa kama mwandishi mmoja wa Babeli asingeziandika kwenye kibao cha udongo mwaka 177 kabla ya Kristo, na mtaalamu wa jumba hilo, Irving Finkel, asingekisoma. Simama mbele ya kioo kile na mtoto, halafu jiulize swali moja. Katika ukoo wako wote ulioko London, nani anajua kunamua?

Ni wewe.

Ni wewe peke yako, na umelala mbele ya televisheni.

Mjukuu huyo anajua kutelezesha kidole kwenye kioo cha simu kwa kasi ya umeme. Hajui kushika kete saba kiganjani na kuzidondosha moja moja bila kuchungulia. Hajui kufungwa mbele za watu akacheka. Nani atamfundisha, mwalimu wake wa hisabati?

Kuna jambo moja gumu, na sitakuficha. Wiki ya kwanza watakutazama. Wiki ya pili watakusalimia kwa kichwa. Wiki ya tatu hatatokea mtu, utakaa na bao lako peke yako kama mchuuzi aliyekosa wateja, na shetani wa uvivu atakunong'oneza urudi kwenye kiti. Usirudi! Barazani kwenu uliketi miaka mingapi kabla hujaitwa fundi? Walikuita siku ya kwanza? Siku ya kwanza walikutuma kahawa! Ulisimama nyuma ya wakubwa, ukatazama, ukanyamazishwa, ukarudi kesho yake. Ni kule kurudi kulikokufanya mtu wa baraza.

Rudi na wiki ya nne. Siku ile ile, saa ile ile, meza ile ile karibu na dirisha, ili anayepita akuone. Atasimama mmoja. Huwa anasimama mmoja. Atauliza hizo mbegu ni za nini.

Usimweleze. Mvutie kiti.

Kutoka Stratford ni treni moja tu, laini ya Jubilee, unateremka Waterloo. Kesho ni kesho, lakini leo bado ni saa nne asubuhi na mwanao harudi mpaka usiku. Vaa koti. Vaa na kofia, na ile skafu uliyopewa siku ya kuagwa. Tia maharage mfukoni, hesabu vizuri yatimie 64, kunja boksi lako chini ya kwapa. Mwachie mwanao ujumbe kwenye simu, asije akafika akashtuka nyumba tupu.

Mwandikie: "Chakula kiko jikoni. Nimetoka kucheza."