Mganga au Mchawi?

Dhana moja imezoeleka katika mijadala ya vita na amani: dola inayoinukia ikibanwa na shida za ndani, watawala wake humchokoza jirani ili hasira za wananchi zigeukie nje. Hoja hiyo inavutia kwa wepesi wake, ila ukiipima kwa historia ya China inapwaya.

Kati ya 1959 na 1962 China ilikuwa hoi. Sera za kiongozi wake, Mao, zilileta njaa iliyoua mamilioni ya watu. Tibet iliasi Machi 1959, kiongozi wake wa kidini, Dalai Lama, akakimbilia India. Kama shida za ndani ndizo zinazozaa vita, Beijing ingekosana na kila nchi inayopakana nayo. Badala yake, mwaka 1960 ilimaliza mgogoro wa mpaka na Burma: ikachukua vijiji vya Hpimaw, Gawlum na Kangfang, ikaachia sehemu kubwa ya ardhi iliyokuwa ikiidai. Mwaka 1961 ikakubaliana na Nepal, mpaka ukapita kwenye kilele cha Everest. Pakistan na Afghanistan zikafuata mwaka 1963. Katikati ya suluhu hizo, Oktoba 1962, majeshi yake yakaishambulia India.

Njaa ileile, uasi uleule, kiongozi yuleyule. Tofauti ilitoka wapi? Mwenye mgonjwa nyumbani hutafuta mganga, au hutafuta mchawi. Burma na Nepal zilihesabiwa upande wa mganga: Beijing ilitaka mipaka itulie na waasi wakose maficho, ikakubali kulipia utulivu huo kwa ardhi. India ikageuzwa mchawi. Mao aliamini Delhi ndiyo inayochochea Tibet, na vituo vya kijeshi ambavyo Nehru, waziri mkuu wa India, aliagiza visogezwe mbele mwishoni mwa 1961 vikampa ushahidi aliokuwa akiutafuta.

Atasema mtu kwamba lawama zilikuwa kisingizio, kilichogombewa hasa ni eneo la mpakani la Aksai Chin na barabara ya China iliyopita huko. Barabara hiyo ilikuwa na uzito wake. Lakini Aprili 1960 waziri mkuu wa China, Zhou Enlai, alikwenda Delhi kutafuta mapatano, na barabara tayari ilikuwepo. Maslahi yaliacha nafasi ya kuelewana. Shuku ndiyo iliyoiziba.

Leo nchini China kampuni za ujenzi wa nyumba kama Evergrande zimeanguka, na idadi ya watu ilianza kupungua mwaka 2022. Juni 2023 ukosefu wa ajira kwa vijana wa mijini ulifika asilimia 21.3; Agosti serikali ikasitisha kwa muda kuitangaza takwimu hiyo. Wengi wanauliza shida hizi zitaisukuma lini China kuivamia Taiwan. Afadhali kuuliza Beijing inamlaumu nani. Machi 2023 Rais Xi Jinping alisema hadharani kwamba mataifa ya Magharibi, yakiongozwa na Marekani, yanaizingira na kuikandamiza China, na kwamba hilo linakwamisha maendeleo yake. Kauli hiyo inatisha kuliko takwimu yoyote ya uchumi. Deni la mjenzi lina dawa, na dawa yake iko nyumbani. Anayeamini kwamba amelogwa haoni haja ya kukagua vitabu vyake vya hesabu.

Majirani hawawezi kuiponya China. Wanachoweza ni kulinda mipaka yao bila kumpa mtafuta mchawi ushahidi wa bure.