Mlinzi Aliye Ndani ya Mwili

Amma baad. Ndugu zetu, kijana mmoja alituuliza darasani: ikiwa kila seli ya mwili ina jeni zile zile, mbona ya jicho haiwi ya ini? (Nasema jeni, wala si jini, hao tumekwisha kuwatia katika kila maradhi hata maradhi yenyewe tukayasahau.)

Jawabu ni kwamba kitabu ni kimoja, walakini si kila seli husoma kurasa zile zile. Mwanadamu ana jeni zipatazo 20,000 zielezazo jinsi ya kuunda protini. Na ziko protini ambazo kazi yao ni kushika mahali maalumu katika uzi wa urithi, zikaifungua jeni hii isomwe na kuifumba ile. Kwa amri hizo seli huwa ya ini au ya jicho, hukua au husita, huishi au hufa.

Miongoni mwazo imo iitwayo p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Uzi wa seli ukidhurika, p53 huifungua jeni ya p21, nayo huizuia seli isigawanyike mpaka uzi utengenezwe. Usipotengenezeka, p53 hufungua jeni nyingine, na seli ile hujiua ili mwili usalimike. Ndovu, mwenye seli nyingi kutushinda, hupata nakala zipatazo 20 za jeni hii kwa kila mzazi, na saratani kwake ni nadra. Sisi twapata moja moja.

Basi sisi wenye mlinzi mchache hivi twamfanyia nini? Twampulizia moshi! Mwaka 1996 wataalamu walionyesha kwamba sumu ya moshi wa tumbaku hujibandika katika jeni ya p53 pale pale ambapo hukutwa pameharibika kwa wenye saratani ya mapafu. Na karibu nusu ya saratani za wanadamu, jeni hii hukutwa imeharibika.

Asiyevuta asijione amesalimika, maana tumbaku ya kutafuna na popoo huleta saratani ya kinywa. Nimemswalia jirani aliyekaa na kidonda shavuni mwaka mzima, akizungushwa kwa waganga, watu wakisema ni hasidi. Alipofika hospitali hapakuwa na la kufanywa.

Kidonda cha kinywa kikipita wiki tatu hakijapona, mgonjwa na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Na kijaluba cha tumbaku kinachopitishwa harusini pamoja na tambuu, mwenye nyumba na akiondoe kabla wageni hawajaingia.