Ilhamu Ina Mwenyewe

Mwanamke wa Kwaluguru, wilayani Handeni, anayechagua kanga hutazama mambo mengi kwa pamoja. Anasoma maneno, kwa sababu atayavaa mbele za watu na huenda yana mlengwa. Anaangalia mji, kama michoro ya katikati imekaa sawa, kisha pindo, kama limezunguka pande zote nne bila kupinda. Doti ikiwa ni ya Mali ya Abdulla, ukingoni ataona herufi KHE, alama ya nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Jina la mfanyabiashara lipo. Aliyekaa akapanga korosho na madoa, akaamua wekundu uishie wapi na weusi uanzie wapi, hatajwi. Kanga ya kisutu imesitiri mabibi harusi wa pwani na bara kizazi baada ya kizazi, na aliyeibuni hana hata herufi moja juu yake.

Wengi hawaoni tatizo hapo, na walio wacha Mungu huenda wakaona ni sawa kabisa. Muumbaji ni mmoja. Mwislamu humwita Al-Musawwir, Mwenye kutia sura, na binadamu anayebuni umbo anapanga tu vitu alivyovikuta: rangi ya udongo, mviringo wa jani, weusi wa masizi. Kama ilhamu inatoka kwa Mungu, ya nini kumtafuta fundi? Nakubali mwanzo wa hoja hii, nakataa mwisho wake. Ilhamu ni zawadi, lakini zawadi hupitia mkononi mwa mtu, na anayeipokea ana deni kwa Mtoaji na kwa aliyeifikisha. Mtume amefundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu anamwambia Musa kwamba amemjaza mtu roho na hekima ili abuni kazi za dhahabu, fedha na shaba. Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kulificha jina la fundi, maana sifa yote imekwisha kupelekwa mbinguni. Badala yake anatajwa kwa ukoo wake: Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na msaidizi wake Oholiabu mwana wa Ahisamaki, wa kabila la Dani. Andiko linasema ilhamu ni ya Mungu na fundi ni huyu hapa, na kauli hizo mbili hazigombani.

Lipo pingamizi zito zaidi, la ikhlasi. Kuweka jina kwenye kazi ni kujionyesha, na riya hula thawabu. Jibu langu linatoka kwa waandishi wa khati. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, alizipa herufi za Kiarabu vipimo kwa kutumia nukta, ile alama ya mraba inayobaki kalamu ya mwanzi inapogusa karatasi na kuvutwa kidogo. Urefu wa alifu ukahesabiwa kwa nukta, na herufi nyingine zikapimwa kwa alifu. Baada yake akaja Ibn al-Bawwab, kisha Yaqut al-Musta‘simi, na majina yao yamehifadhiwa mmoja baada ya mwingine. Katika utamaduni huo, hasa chini ya Waosmani, mwanafunzi hakuwa na ruhusa ya kutia sahihi kwenye kazi yake mpaka mwalimu ampe ijaza. Sahihi ilikuwa ushahidi kwamba mkono huu ulifundishwa na mkono ule. Yeyote aliyepita madrasa za Handeni anaijua sanad, yaani mnyororo wa walimu ambao elimu imepitia, na anajua kwa nini elimu isiyo na sanad hutiliwa shaka. Hakuna anayesema sheikh anajivuna anapowataja walimu wake. Basi jina dogo pembeni mwa mchoro nalo linaweza kuwa sanad, na nia ya aliyeliandika tumwachie Mungu.

Tunapoacha kuandika majina ya wabunifu, tunaishia kugombana. Nembo ya taifa letu ina ngao inayoshikwa na mwanamume na mwanamke waliosimama juu ya Kilimanjaro, karafuu na pamba zikiwa miguuni pao, pembe za ndovu ubavuni, mwenge na bendera ndani ya ngao, na maneno Uhuru na Umoja. Kila mtoto wa shule huitambua. Lakini alipofariki Mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu kama Ngosha, mwaka 2017 huko Muhimbili, akiwa ameishi uzeeni kwa dhiki pale Buguruni, taifa lilikuwa bado linabishana kama ni yeye aliyeichora, na wengine wakimtaja Jeremiah Wisdom Kabati wa Mwanza. Sitaki kuamua kesi hiyo hapa. Ninachosema ni kwamba nembo ilitunzwa kwa uangalifu na mchoraji akaachwa kwenye masimulizi, na huo ni upungufu wa adabu zaidi kuliko upungufu wa kumbukumbu.

Atakayesema kwamba michoro ni mali ya wote, kwamba kila msanii huiga, yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Wachoraji wa Tingatinga wameigana tangu Edward Saidi Tingatinga alipofariki mwaka 1972, na sanaa yao haikufa kwa kuigana. Lakini wanaigana chini ya jina lake, na kila mmoja hutia sahihi yake. Saki Mafundikwa wa Zimbabwe, aliyeanzisha chuo cha usanifu wa michoro mjini Harare, amewahimiza vijana wachukue ilhamu kutoka maandishi na alama za Kiafrika, na kitabu chake cha 2004 kinaonyesha alama hizo zilitoka wapi. Kuiga kwa namna hiyo ni kuendeleza. Kuiga kwa kufuta chanzo ni jambo jingine, na simu zimelirahisisha: kadi ya mchango wa harusi iliyotengenezwa steshenari ya Chanika, Handeni, au Manundu, Korogwe, huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, mtu akabadilisha majina ya maharusi na tarehe, akaacha maua na herufi za dhahabu vilevile, akamuuzia mwingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mbunifu haki ya kutambuliwa kwa kazi yake, ila sheria haiwezi kukaa kwenye kila kikao cha kamati ya harusi.

Kwa hiyo ombi langu nawaelekezea wanaoagiza kazi hizi Handeni na Korogwe: kamati za harusi, misikiti na makanisa, vyama vya ushirika, shule zinazochapisha beji na fulana. Mlipeni kijana wa steshenari fedha yake kamili, na muulizeni kama angependa jina lake liandikwe chini. Akikubali, liandikeni kwa herufi zinazosomeka.