Kufuli la Kyanguli

Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, Kenya, lilimwagiwa petroli likatiwa moto, wavulana wakiwa wamelala. Walikufa 67. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli, madirisha yakiwa na vyuma. Wanafunzi wawili walishtakiwa kwa mauaji.

Wengi hukisimulia kisa hiki wakaishia kwa hao wawili. Mimi naona kilianza kabla ya petroli. Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ya mwaka uliotangulia yalikuwa yamefutwa kwa madai ya udanganyifu, manung'uniko yakazagaa, na dalili za fujo hazikujificha. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliona kwamba uongozi wa shule ulizembea, ikaamuru wazazi walipwe fidia.

Kufuli huwekwa kwa nia njema: mtoto asitoroke, mwizi asiingie. Ubaya wake ni kwamba humpa mkuu wa shule usingizi. Akishafunga huona kazi imekwisha, hana haja tena ya kujua kwa nini kidato cha tatu kimenyamaza ghafla au nani amesusa chakula. Habari humfikia kupitia viranja tu, nao wenzao huwahesabu wapelelezi. Nyeri, mwaka 1999, viranja wanne waliteketezwa katika chumba chao. Watoto wale walibebeshwa chuki iliyoelekezwa ofisini.

Wapo walimu wanaoapa kwamba utundu huu ulizaliwa kiboko kilipopigwa marufuku Kenya, mwaka uleule wa Kyanguli. Tarehe zinawakana. Nyeri ilitangulia. St. Kizito, Meru, ambako wasichana 19 walikufa wavulana waliogoma walipovamia bweni lao, ni 1991. Fimbo ilikuwapo miaka yote hiyo, tena ikicharaza kwelikweli.

Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje, isifungwe wanafunzi wakiwamo, na madirisha yasiwe na vyuma. Hilo ni la fundi, siku moja yatosha. La kuketi na wanafunzi, wakasema bila kuandikwa majina, kisha wakaona angalau lalamiko moja limeshughulikiwa, halina fundi. Mwalimu mkuu, hilo ni lako. Lifanye muhula huu, na leo usiku, kabla hujalala, nenda bwenini uusukume mlango wa nyuma kwa mkono wako.