Deni la Mwenye Kusikia

Barua pepe itokayo Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, kwenda kwa jamaa aliyeko Muscat, huvuka bahari ikiwa mwanga ndani ya uzi wa kioo. Nyaya za namna hii zilitua Dar es Salaam mwaka 2009. Sakafu ya bahari ikitikisika, uzi huvutika kidogo mno, na mwanga unaorudi nyuma hubadilika. Hivyo mjumbe aweza kuwa msikilizaji.

Je, anayesikia ana deni gani? Tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi yaliyoanzia Sumatra yalisafiri saa kadhaa kabla ya kuua watu Dar es Salaam. Ulimwengu ulikwisha kujua, mwogaji hakuambiwa.

Kusikia, basi, si fadhila; fadhila ni kufikisha. Aishiye mlimani hafikiwi na wimbi, lakini uzi ubebao salamu zake ungeweza kumwonya mvuvi. Naye ni mdaiwa.