Kiingilio cha Kutazama Hatari

Je, ni halali kulipa kiingilio ili kumtazama mwenzetu akijitia hatarini? Wengi wetu hujibu upesi kwamba kama mwenyewe amekubali, hakuna lawama. Twaona jibu hilo limekuja mapema mno. Na tulipime kwa mbio za pikipiki za viwanja vya udongo huko Australia.

Tarehe 15 Desemba 1923, mjini West Maitland katika jimbo la New South Wales (mji huo leo waitwa Maitland tu), chama cha wakulima wa bonde la mto Hunter kilifanya tamasha la usiku kwa taa za umeme. Katibu wake alikuwa Johnnie Hoskins, mzaliwa wa New Zealand. Uwanja ule wa maonyesho ulizoea ng'ombe, farasi na mazao ya shamba. Usiku ule pikipiki nazo zikashindana humo. Wapo wanaobisha mpaka leo kwamba wengine walitangulia kuzishindanisha namna hiyo, nasi hatuingii katika ugomvi wao. Yatosha kwamba watu walipenda. Mwaka 1926 Hoskins alikuwa akiandaa mbio Sydney, na tarehe 19 Februari 1928, mchezo ulipofika High Beech karibu na London, umati ulikadiriwa kuwa watu 30,000.

Pikipiki za mchezo huu, jinsi zilivyokuja kutengenezwa, hazina breki. Mwendeshaji huvaa kiatu cha chuma mguu wa kushoto, na kwenye kona huuburuza chini huku gurudumu la nyuma likiserereka kwa ubavu na kurusha udongo. Asiyejua atasema ni wazimu. Lakini wanne wanapofuatana karibu karibu, mmoja akishika breki ghafla, wa nyuma atamgonga. Kwa hiyo wote hukosa breki kwa usalama wa wote, na kila mmoja humwamini mwenzake kwamba hatasimama mbele yake.

Sisi tulio nyuma ya uzio hatumo katika mapatano hayo. Tumetoa fedha tu. Hata hivyo fedha ile ndiyo iwashayo taa na kulipa zawadi. Mwaka 1938 Bluey Wilkinson, kijana wa New South Wales, alitwaa ubingwa wa dunia kule Wembley ilhali alikuwa amevunjika mfupa wa mtulinga usiku wa kuamkia siku ile. Alikubali? Naam, alikubali. Lakini uwanja uliojaa watu waliokwisha kulipa una njia yake ya kumshawishi mtu, nasi hatuwezi kusema tulikuwa watazamaji tu.

Je, uwanja ufungwe? Hatusemi hivyo. Tarehe 1 Septemba 1923, miezi mitatu na nusu kabla ya tamasha la West Maitland, watu 21 walikufa katika mgodi wa makaa ya mawe wa Bellbird, katika bonde lile lile la Hunter. Makaa yaliendelea kununuliwa, wala mnunuzi hakuitwa mkatili. Tukimlaumu mtazamaji wa pikipiki na kumwacha mnunuzi wa makaa, huenda tunachokichukia ni kuiona hatari kwa macho, si hatari yenyewe.

Ila tofauti moja yabaki. Mnunuzi wa makaa hakutaka mgodi ulipuke. Je, mtazamaji ametaka nini? Ukimwuliza atasema amekuja kuona ustadi, na mara nyingi ni kweli. Ustadi wa kuiserereza pikipiki isiyo na breki ni mkubwa, na hauwezi kutenganishwa na hatari anayoishinda. Lakini zipo mbio zinazokwisha salama, na mtu akarudi nyumbani akinung'unika kwamba leo hakukuwa na la kutazama. Huyo alilipia kitu kingine, hata kama kiingilio chake kilikuwa sawa na cha jirani yake. Mwenye mlango hawezi kuwatenga hao wawili. Kila mmoja ajiulize mwenyewe, pale pikipiki inapoanguka kwenye kona, amesimama ili aone nini.

Wilkinson aliacha mashindano baada ya ubingwa ule. Mwaka 1940 alikufa katika ajali ya barabarani mjini Sydney.